Meza Iliyosogezwa Nyuma

Nawasalimu wasikilizaji wa Butembo, kuanzia Bulengera hadi Vulamba. Nawasalimu wa Beni, na kila aliye katikati ya miji hii miwili, katika zile kilomita 54 ambazo siku nyingine ni safari ya saa mbili na siku nyingine ni safari ya kumwomba Mungu. Jioni hii nina jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mkutano wa mwisho wa wachoraji na wasomaji wa bedé. Nasema bedé kwa sababu ndivyo tunavyosema huku kwetu. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wangesema katuni au vibonzo. Ni vile vitabu vya picha zinazofuatana, kila picha ndani ya kisanduku chake, na maneno ya watu yamefungiwa ndani ya kiputo juu ya vichwa vyao.

Mkutano wenyewe sitautaja jina, wala walioutayarisha. Ni watu ninaokutana nao kanisani na sokoni, tumekula pamoja, tumezikana. Nimehudhuria tangu mwanzo, tulipokuwa watu wa kuhesabika katika chumba kimoja cha darasa, na sikukosa hata mwaka mmoja ila ile miaka ambayo hapakuwa na ruhusa wala nguvu ya kukusanyika. Mara ya mwisho niliondoka saa nane na nusu mchana, katoni yangu begani, kamba yake haijafunguliwa.

Niwaambie kilichomo ndani ya katoni hiyo, ndipo mtaelewa.

Chini kabisa kuna magazeti ya *Kouakou*. Waliosoma shule ya msingi miaka ile ya Zaire watayakumbuka. Lilikuwa gazeti dogo la picha, lililotengenezwa Ufaransa kwa ajili ya watoto wa Afrika, likagawiwa bure mashuleni hadi lilipokoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwalimu alileta nakala tatu kwa darasa zima. Tulilala kifudifudi juu yake, vichwa sita kwa gazeti moja, na aliyekaa upande wa juu alijifunza kusoma herufi zikiwa zimepinduka. Kifaransa changu cha kwanza nilikipata pale. Nyumbani tulizungumza Kinande, sokoni Kiswahili, na Kifaransa kilikuwa lugha ya fimbo. Picha ndizo zilizonionyesha kwamba ndani ya lugha hiyo pia watu hucheka.

Juu yake kuna *Tintin au Congo*, nakala ya maktaba ya parokia iliyochoka hadi wakaitupa. Hergé aliianza mwaka 1930 katika gazeti la watoto la Brussels, akaimaliza mwaka 1931, na miguu yake haikuwahi kukanyaga nchi hii. Nilipoileta nyumbani nikiwa mtoto, baba aliifungua. Alitazama kwa muda midomo tuliyochorewa na jinsi tulivyopewa kuzungumza. Aliifunga, akanirudishia, hakusema neno. Nimeihifadhi kwa sababu ya ule unyamavu wa baba.

Kisha kuna karatasi zilizokunjamana zenye madoa ya grisi. Hizi nazipenda kuliko zote. Baba yangu mdogo alikuwa mfanyabiashara, mmoja wa wale waliopitisha mali mpakani Kasindi wakaenda Kampala, Nairobi, mpaka Mombasa. Alirudi na vipuri vya magari, na vipuri vilifungwa kwa magazeti ya Kenya. Wengine waligombania vipuri, mimi niligombania karatasi. Ndani ya *Taifa Leo* alikuwamo Juha Kalulu, yule aliyechorwa na Edward Gitau kwa miaka mingi sana. Kiswahili chake hakikuwa chetu, kilikuwa na maneno tusiyoyajua, lakini yule mtu mwenye shida zisizokwisha tulimjua vizuri. Nilizinyoosha karatasi zile chini ya godoro. Bado zinanuka mafuta ya gari.

Sasa rudini nami kwenye ile miaka ya kwanza ya mkutano. Tulipanga madawati mawili mawili, tukayaunganisha, tukatandika kitambaa, ikawa meza. Kila mmoja aliweka alichonacho. Wachoraji wa Butembo walileta vijitabu vyao: karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati, zikapigwa pini, zikawa kurasa kumi na sita. Walikuwa wamechora kwa penseli, wakapita juu kwa wino wa China, wakakimbilia kwenye duka la fotokopi kabla jenereta haijazimwa. Bei yake ilikuwa bei ya mandazi mawili na chai. Vijana wa Beni walifika kwa pikipiki, kurasa zao zimefungwa kwa plastiki juu ya tumbo, chini ya koti, ili mvua ya njiani isiziguse. Hakuna aliyetoa hotuba. Ungesikia tu karatasi zikifunuliwa, na mara mtu akicheka peke yake.

Mwaka mmoja ndugu mmoja aliyetoka Ubelgiji alituletea *Madame Livingstone*. Ni kazi ya Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani wa mwaka 1959, aliyoitengeneza pamoja na Christophe Cassiau-Haurie, ikatoka mwaka 2014. Hadithi inatokea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: rubani wa Kibelgiji ametumwa kuzamisha meli ya Wajerumani kwenye ziwa Tanganyika, ile Graf von Götzen ambayo watu wa Kigoma wanaijua leo kwa jina la Liemba, na anayemwongoza ni mtu mmoja chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kusema yeye ni mwana wa Livingstone. Kitabu kizima kina rangi, karatasi nzito, jalada gumu. Pesa yake hakuna miongoni mwetu aliyekuwa nayo. Tulileta beseni na sabuni, tukanawa mikono, tukakisoma kwa zamu, watu watatu watatu, na mmoja akifunua kurasa kwa ncha ya kidole. Aliyemaliza hakuondoka, alisimama nyuma ya wengine akasoma tena juu ya mabega yao. Sijawahi kuona watu wazima wakinyamaza namna ile nje ya Misa.

Huo ndio mkutano ninaoulilia.

Mabadiliko hayakuja siku moja. Kwanza kilikuja kipaza sauti, na nilifurahi, maana watu walikuwa wameongezeka na nyuma hawakusikia. Baada ya kipaza sauti likaja jukwaa. Jukwaa likadai mwimbaji, mwimbaji akadai spika kubwa, spika zikadai jenereta ya nguvu, na jenereta ikadai mfadhili. Mfadhili naye ana vitambaa vyake vya matangazo ambavyo lazima vitundikwe, ana fulana zake ambazo lazima zivaliwe, na ana mkubwa wake ambaye lazima akae mbele. Wakaja vijana wa protokoli kupanga viti. Mlangoni pakawekwa tiketi ya dola tano. Dola tano, wasikilizaji, kwa mtoto wa shule wa mtaa wa Furu!

Safari hii ya mwisho nilifika saa mbili asubuhi, kama desturi yangu, nikatafuta meza. Kijana wa protokoli alinipokea kwa adabu nzuri, siwezi kumlaumu. Akaniambia: "Baba, meza za vitabu tumezisogeza nyuma, kule upande wa vyoo, ili mbele pabaki wazi kwa ajili ya wageni." Nikaenda. Meza ilikuwa moja. Juu yake palikuwa na kreti za soda na nyaya za spika. Nilisimama pale na katoni yangu nikiwa sijui niiweke wapi, na wachoraji wawili niliowajua tangu wakiwa wadogo walikuwa wameketi chini, vijitabu vyao magotini, wakisubiri kama wagonjwa wanaosubiri daktari.

Najua mtakaloniambia. Mzee, nyakati zinabadilika, vijana wana mambo yao. Ngojeni niseme juu ya vijana.

Walikuwapo wengi, tena walipendeza. Mmoja alikuwa amevaa kama Naruto, kilemba cha chuma kwenye paji la uso kimetengenezwa kwa bati la kopo. Msichana mmoja alikuwa ameshonewa vazi zima la shujaa kwa kitenge, na ushonaji ule ulikuwa wa fundi hodari. Mimi sina ugomvi nao. Mtoto anayekaa usiku mzima akikata kopo ili afanane na mtu aliyechorwa, huyo ni ndugu yangu wa damu. Nilimwita mmoja aliyevaa Black Panther, mweusi kuanzia kichwani hadi miguuni, akitoka jasho kwenye jua la saa tano. Nikamuuliza amemjulia wapi. Akasema kwenye filamu, ile ya mwaka 2018, aliiona kwenye simu ya kaka yake. Nikamwambia kwamba huyo mfalme wa Wakanda alizaliwa kwenye karatasi mwaka 1966, katika toleo la 52 la *Fantastic Four*, akachorwa na Jack Kirby na kuandikwa na Stan Lee, wakati Kongo hii ilikuwa na miaka sita tu ya uhuru. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia ninamjua babu yake. "Baba, karatasi hiyo iko wapi?" Toleo hilo lenyewe sina, ila ninayo nakala ya Kifaransa iliyochapishwa baadaye, ilikuwa pale pale katika katoni. Nikatafuta mahali pa kuweka katoni nifungue kamba. Spika ikaanza. Wakamwita jukwaani kwa mashindano ya mavazi, akaenda, na kwa kelele zile sikumwona tena.

Kwa hiyo vijana hawajaacha karatasi. Ni sisi tulioisogeza nyuma.

Nimejaribu kujua kama maumivu haya ni ya kwetu peke yetu, na nimeona yametutangulia mbali. Huko San Diego, Marekani, mwaka 1970, akina Shel Dorf waliwakusanya wapenzi wa vitabu hivi katika hoteli moja ya katikati ya mji. Walifika watu wapatao 300. Jack Kirby huyo huyo alikuwapo, na mwandishi Ray Bradbury, wakizungumza na vijana ana kwa ana. Leo mkutano huo unavuta zaidi ya watu 130,000, na ukumbi wake mkubwa unaochukua watu zaidi ya elfu sita ni wa filamu na televisheni. Watu wanalala nje kwenye foleni ili wamwone mwigizaji. Kulikuwa na muuza vitabu mmoja wa Denver, Chuck Rozanski, mwenye duka la Mile High Comics. Kila mwaka alipakia matoleo yake ya zamani akaenda kuyapanga kule. Mwaka 2017, baada ya miaka 44, alisema basi, haendi tena. Gharama ya nafasi ilikuwa imepanda, na umati uliokuja haukuja kwa ajili ya masanduku yake. Niliposoma habari hiyo niliitazama katoni yangu. Miaka 44! Ni kama mtu huyo alipoteza nyumba.

Lakini tofauti yetu na San Diego ni kubwa, na hapa ndipo nataka kukaa. Kule filamu zilizaliwa na vitabu. Wachoraji walichora miaka na miaka, hadithi zikajaa ghala, ndipo sinema ikaja kuchota. Kwetu ghala bado ni tupu. Hadithi ya soko kuu la Butembo haijachorwa. Hadithi ya wanawake wanaonunua samaki Kyavinyonge, ya wafanyabiashara wetu walioanza kwenda Dubai na Guangzhou bila kujua lugha ya huko, haijachorwa. Na sisi tumekwisha kuruka hadi kwenye jukwaa na taa.

Katika mkutano ule ule wa mwisho rafiki yangu mchoraji wa Beni alikuja na kurasa kumi na moja. Nilizisoma nimesimama, karibu na hivyo vyoo. Mama anaamka kabla ya alfajiri. Nyumbani hakuna kitu, na mihogo iko shambani, upande wa Mayangose, ambako mnajua wote watu wetu wameuawa wangapi. Anatoka. Anapofika mwisho wa nyumba za watu anavua viatu, anavishika mkononi, anaingia njia ya majani. Kurasa sita hazina neno hata moja. Ni miguu, majani, ndege anayeruka, mama anasimama, mama anaendelea. Anachimba mihogo kwa mikono ili jembe lisisikike. Anarudi. Picha ya mwisho, sufuria iko juu ya moto na watoto bado wamelala, hawajui alikwenda wapi.

Mwanamke aliyekuwa akiuza mandazi pembeni alisogea akatazama nami. Alipofika kwenye picha ya viatu aliweka kidole juu yake. Akauliza kwa sauti ndogo: "Nani alimwambia kwamba tunavua viatu?"

Rafiki yangu alizipeleka kurasa zile kwa waliokuwa wakichagua kazi za kuonyeshwa ukutani. Mmoja wao alizipitia haraka, akasema mchoro ni mzuri, lakini ujumbe uko wapi? Akamshauri aongeze kisanduku kimoja mwishoni: mama anapeana mkono na watu wa usalama, chini yake maneno ya kuwahimiza raia washirikiane. Na ikiwezekana apunguze kurasa ziwe mbili, maana nafasi ya ukutani ni ya kurasa mbili. Rafiki yangu ni mtu mpole. Alisema asante. Alizirudisha kurasa ndani ya plastiki, akaziweka tumboni chini ya koti, akatafuta pikipiki ya kurudi Beni kabla giza halijaingia. Mimi nikachukua katoni yangu.

Ujumbe! Neno hili limefikaje katikati yetu? Nimelifikiria sana, na sitaki kumdhulumu mtu.

Mwaka 2018, tarehe 1 Agosti, ilitangazwa kwamba Ebola iko Mangina. Ikaingia Beni, ikateremka hadi Butembo, ikakaa Katwa. Hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Hakuna asiyekumbuka ndoo za klorini kwenye kila mlango, na wale watu wenye mavazi yaliyofunika hata macho. Mnakumbuka pia hasira, na uvumi, na vituo vilivyochomwa, na daktari aliyeuawa hapa hapa Butembo Aprili 2019 akiwa kazini. Katika siku zile picha zilihitajika. Mtu aliyekuwa hamwamini mgeni mwenye kipaza sauti aliweza kuitazama picha, akaitazama tena peke yake, akaelewa kwa nini hapaswi kumwosha marehemu. Vijana wetu waliitwa wachore. Walilipwa, na kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza mkono wao wa kuchora kulipa kodi ya nyumba. Wachoraji ninaowajua walifanya kazi ile kwa moyo, na naamini wapo watu wanaotembea leo Butembo kwa sababu ya karatasi iliyochorwa. Kazi hiyo naiheshimu.

Lakini ilipokwisha, mazoea yalibaki. Mchoraji aliyefundishwa kwamba kila picha inalipwa na anayetaka kufundisha, amesahau kwamba picha inaweza kulipwa na anayetaka kusoma. Ilipoondoka pesa ya Ebola ilikuja ya amani, ikaja ya kura, ikaja ya mazingira. Kila moja na kurasa zake mbili, na kisanduku chake cha mwisho. Mkutano wetu ukageuka kuwa mahali pa kuonyesha karatasi hizo kwa walioziagiza. Msomaji hayumo katika hesabu. Msomaji ni mtu wa kupigwa picha akiwa ameshika kijitabu.

Na tukitazama nyuma, *Kouakou* la bure lilikuwa hivyo pia. Nililipenda, nimesema, na ninalipenda bado. Lilikuwa zawadi ya watu waliokuwa na lao la kutufundisha. Na Tintin alikuwa hivyo kwa ubaya zaidi. Karibu kila picha iliyofika huku kwetu imelipiwa na mtu mwingine, kwa sababu yake mwenyewe. Ndiyo maana zile karatasi za Juha Kalulu zenye grisi zilinishika: hakuna aliyenitumia. Zilichorwa kwa ajili ya msomaji wa Nairobi aliyetoa senti zake asubuhi, zikanifikia kwa bahati.

Mkiniambia kwamba Mkongomani maskini hawezi kununua hadithi yake, nitawapeleka Kinshasa. Mwaka 1968 lilianza kule gazeti la *Jeunes pour Jeunes*, la akina Achille Ngoye, likazungumza kama vijana wa mitaani walivyozungumza, na vijana wakalinunua. Baadaye, mwaka 1990, wakati ambapo pesa ya Zaire ilikuwa ikiyeyuka mikononi, kijana mmoja aliyejiita Papa Mfumu'eto wa Kwanza alianza kuchora vijitabu vyake kwa Kilingala. Karatasi mbaya, wino mbaya. Kimoja kilisimulia bwana mwenye mali anayegeuka chatu, anammeza mwanamke aliyemleta chumbani, kisha anatapika noti. Kinshasa nzima ilijua hiyo ni habari ya nani na ya nini. Watu walinunua barabarani, wakaazimana hadi karatasi zikachanika. Hakuna aliyewagawia bure, na njaa ilikuwapo. Walilipa kwa sababu walijiona. Vijitabu vile vile vilionyeshwa Paris mwaka 2015, na karatasi za Mfumu'eto zimehifadhiwa katika chuo kikuu cha Florida, mbali na mvua na panya. Nafurahi zimehifadhiwa. Ninachokitaka ni kwamba aliye Butembo leo, anayechora kama Mfumu'eto alivyochora, asiketi chini karibu na choo.

Hata Ufaransa, kule Angoulême, ambako mmoja wa mikutano mikubwa ya Ulaya ulianza mwaka 1974, wachoraji wenyewe walifika mahali wakakataa. Hawakuridhika na jinsi mkutano ulivyoendeshwa, wakasema kwa mamia kwamba hawatakuja, na toleo la Januari 2026 likafutwa. Mkutano ule ulikuwa na pesa za serikali na wachapishaji wakubwa, mji wake una jumba la makumbusho, na bila watu wanaoshika kalamu haukuweza kufungua mlango. Sisemi wa kwetu wagome. Wetu wakigoma hakuna atakayejua, kwa sababu muziki utaendelea kupigwa.

Ninaloomba ni dogo, na ninaliomba hewani kwa sababu uso kwa uso nimekwisha kuliomba nikajibiwa kwa tabasamu. Jukwaa libaki. Mavazi yabaki, tena yaongezwe zawadi. Mwimbaji aimbe. Wafadhili watundike vitambaa vyao. Lakini asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa tano, spika zizimwe na mtoto aingie bila tiketi. Na meza irudi mbele, mlangoni, mahali ambapo anayeingia hawezi kuikwepa. Meza mbili za mita mbili zinatosha. Ziwekwe upande wa madirisha, ili jenereta ikizima watu waendelee kusoma.

Nilizungumza na rafiki yangu wa Beni juzi kwa simu. Nilimwomba asiongeze kile kisanduku. Aliniambia hakukiongeza, amechora kurasa nyingine nne badala yake, sasa ni kumi na tano, na ya kumi na sita ni jalada. Amehesabu nakala thelathini kwa kuanzia, na bei itakuwa ile ile ya mandazi mawili na chai. Barabara ikiruhusu atashuka nazo mwenyewe. Yule mama muuza mandazi nimemwona sokoni, nikamwambia, akasema nimwekee moja.

Na wewe kijana uliyevaa Black Panther, kama unanisikia huko uliko, ukurasa wako upo. Nitafika saa mbili asubuhi. Beseni na sabuni nitaleta mwenyewe.